Upanga wa Mtemi Kwenye Meza ya Wezi

Nyanjige alizaliwa upande wa Lingeka, mwaka ambao nzige walikula mtama wakabakiza mabua, na tarehe hakuna aliyeiandika. Baba yake alikuwa na ng'ombe wachache na mabinti wengi, na kadiri mabinti walivyoolewa ndivyo zizi lilivyojaa. Yeye mwenyewe alitolewa kwa ng'ombe kumi na wawili, akapelekwa Mwandoya kwa kijana mrefu aitwaye Jilala, mtu asiyependa maneno. Siku tatu za kwanza alidhani ameolewa na bubu. Siku ya nne Jilala akamwambia, "Chumvi imezidi," naye Nyanjige akafurahi kama mtu aliyesikia redio kwa mara ya kwanza.

Alikuwa mwanamke mfupi, mikono mipana, na kwenye shamba la pamba sijui nimfananishe na nani. Wengine huchuma kwa haraka kwa sababu ya jua, jani linaingia, kijiti kinaingia, wanasema basi, itajulikana mbele ya safari. Nyanjige alichuma kwa vidole vitatu, na jioni aliitandaza pamba kwenye mkeka akaichambua tena. Wakati huo pamba yote ilinunuliwa na chama cha msingi, na chama kilikuwa na gredi mbili. Ile nyeupe, iliyochambuliwa, iliitwa safi. Ile ya njano, iliyolala sana au yenye uchafu, iliitwa fifi, na msimu ambao karani ameamka vibaya, mwenye fifi alibebeshwa mzigo wake akarudi nao nyumbani huku watoto wanamcheka njiani. Karani akiiona tu kanga ya Nyanjige kwenye foleni alisema, "Safi hiyo, weka kwenye mizani," wala haingizi mkono. Miaka thelathini hakurudishiwa hata kiganja kimoja. Hilo ndilo lililokuwa jina lake pale Mwandoya. Wengine wanajulikana kwa ng'ombe, wengine kwa kucheza ngoma. Yeye alijulikana kwa hilo.

Lakini alikuwa na kazi nyingine, na hiyo haikujulikana na mtu.

Jilala alikuwa wa ukoo wa banang'oma, yaani watu wa nyumba ya ngoma, ambao kazi yao tangu zamani ni kumweka mtemi, kumzika mtemi, na kutunza vitu vyake mpaka awekwe mwingine. Utemi wenyewe ulikuwa mdogo. Ukikohoa huku, mtemi wa jirani anakuitikia pole. Hata hivyo ulikuwa utemi, una ngoma zake, una kiti chake, una upanga wake. Serikali ya uhuru ilipofuta utemi, watu wa boma walikuja asubuhi moja wakachukua ngoma. Kiti kiliachwa, kikaliwa na mchwa. Upanga hawakuuona, kwa sababu Jilala alikuwa ameulaza ndani ya kihenge cha mtama, na hakuna mtu wa boma aliyekuwa tayari kuchafua suruali yake kwa ajili ya kihenge.

Haukuwa upanga wa kutisha. Urefu wa mkono wa mtu mzima, mpini wa pembe uliozungushiwa waya wa shaba, na karibu na mpini alama tatu kama kucha za kuku. Waliufua Warongo, wale wahunzi wa zamani waliokuwa wakizunguka na mivukuto yao. Una masharti yake. Ulale mahali laini. Upakwe samli mvua za kwanza zinapoanza. Usitajwe kwa jina, uitwe mgeni. Tena ajue mtu mmoja tu, yule anayeutunza, mpaka siku atakapomkabidhi mwenyewe.

Na mwenyewe ni nani? Kwa desturi ya ukoo ule mtoto wa mtemi harithi. Anayerithi ni mpwa, mtoto wa dada yake. Dada wa mtemi wa mwisho aliitwa Salu, na Salu aliolewa mbali, akazaa mtoto mmoja wa kiume. Watoto wa mtemi walikuwa wengi na walikuwa karibu. Mpwa alikuwa mmoja na alikuwa mbali. Mwaka ambao Jilala aliugua tumbo lisilopona alimwita mkewe, akasema maneno mengi kuliko aliyosema mwaka mzima.

"Mgeni yuko ndani ya mtama. Watoto wa mtemi wakija, hujui kitu. Watoto wetu nao, hujui kitu. Mwenyewe atakuja. Asipokuja, kaa naye."

Akazikwa. Nyanjige akakaa naye.

Kihenge baadaye kilibomoka, maana walishahamishiwa kwenye kijiji cha mistari, nyumba ya bati, na mtama wenyewe ukawa haulimwi sana. Nyanjige akafikiri. Mahali laini ni wapi? Akachukua pamba fifi ya mwisho wa msimu, ile ya kuokota chini, ya njano, akajaza gunia, akamlaza mgeni katikati, akaliegemeza kwenye kona ya chumba. Watoto wakiuliza anasema ni pamba ya mito. Hapo alijiona amemaliza mambo. Chama hakitaki fifi, mwizi hataki fifi, hata panya anapita. Ukitaka kuficha kitu Mwandoya, kifiche ndani ya kitu ambacho hakuna atakayekinunua.

Ulikuwa ni werevu, lakini werevu wa nyakati za chama.

Miaka ya tisini ikaja na habari zake. Redio ikasema soko sasa ni huria, mwenye fedha yoyote anunue pamba. Msimu wa tisini na tano malori ya wanunuzi binafsi yakaingia Mwandoya, yana mizani yao na makarani wao, yanakimbizana. Lori hili likisimama kwenye mti huu, lingine linasimama mbele yake. Hawana muda wa gredi. Wanapita nyumba kwa nyumba wanapiga honi.

Siku walipopita kwake Nyanjige hakuwepo. Alikwenda Lingeka kumzika dada yake mkubwa, akakaa siku nne. Aliporudi alimkuta mwanawe Shija amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, amevaa shati jipya lenye mikunjo ya dukani.

"Ng'wadila, mayu," Shija akamwamkia mama yake. "Pole na msiba."

"Mhola, mwanangu. Nimeshapoa." Akaingia ndani kuweka mzigo, akatoka. "Lile gunia la kwenye kona liko wapi?"

"Lipi?"

"La mito."

Shija akaanza kucheka. "Lile la njano? Nimeliuza! Ungewaona hawa watu, mayu. Hawachagui. Safi, fifi, ya mwaka huu, ya mwaka juzi, bei moja. Nikasema hawa ama wajinga ama matajiri, acha niwahi kabla hawajashtuka."

"Ulilifungua?"

"Nilifungue la nini? Nilibeba nikatupa juu ya lori. Lilikuwa zito upande mmoja, nikajua mbegu zimelala huko."

Nyanjige akakaa chini kwenye vumbi, na kanga yake mpya ya msiba. Shija akaacha kucheka.

"Mayu, si mito tu? Nitakununulia godoro la dukani, la sponji."

"Wameipeleka wapi?"

"Bariadi, kwenye kinu cha kuchambulia. Mayu, kuna nini ndani?"

Angeweza kumwambia. Mtoto wake mwenyewe, mtu mzima, mwenye mke. Lakini sharti linasema mtu mmoja, na Jilala alisema watoto wetu nao. "Pamba," akasema. "Nipe nauli."

*

Kinu cha pamba cha Bariadi alichofikia kilikuwa cha kampuni iliyoanza mwaka uleule, kuta bado zinanuka rangi. Foleni ya malori ilianzia getini ikaishia barabarani, na karibu na geti mjane mmoja Mkatoliki, jina lake Apolonia, alikuwa akiuza uji na viazi vilivyochemshwa. Nyanjige akanunua uji, akauliza pamba za Mwandoya zinashushiwa wapi.

"Za Mwandoya?" Apolonia akamwangalia vizuri. "Wewe wa huko? Basi kaone mlichotuletea. Kipo mezani, mbele ya mizani, kila mtu amekiona."

Chini ya kibanda cha bati, mbele ya mizani kubwa, palikuwa na meza ndefu, na juu yake kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: WEZI WA MIZANI. Wanunuzi walikuwa hawafungui magunia shambani, kwa hiyo wakulima nao hawakulala, walitia vitu vizito ndani. Mezani palikuwa na mawe, nusu tofali, jembe la plau, pedeli ya baiskeli, kichwa cha cherehani kisicho na gurudumu. Na katikati, juu ya gunia tupu, mgeni. Alifungwa kipande cha boksi kwenye mpini: Kilo moja na robo. Mwandoya.

Nyanjige alikuwa hajamwona nje kwenye mwanga hata siku moja. Alikuwa mdogo kuliko alivyodhani.

Alirudi kwa Apolonia kumalizia uji.

"Huyo aliyetia panga," Apolonia akasema, "natamani nimwone uso. Jiwe si lipo bure? Mtu unatia panga zima!"

"Labda hakuwa na jiwe."

"Mwandoya hakuna mawe?" Apolonia akacheka mpaka kibuyu cha uji kikataka kupinduka. Kisha akamweleza utaratibu, maana yeye alikuwa pale kila siku na alijua mambo ya ofisi kuliko watu wa ofisini. Kila kitu kinaandikwa soko kilikotoka. Mpaka mwenyewe ajulikane, pamba yote ya soko hilo inamwagwa chini gunia kwa gunia na kukaguliwa, ndiyo maana malori ya Mwandoya yana siku tatu kwenye foleni. Mwenye kitu akijitokeza, anaweka dole gumba kwenye karatasi, anasimama mbele ya mizani anasema kwa mdomo wake, na anapigwa marufuku kuwauzia pamba. Kitu chake kinakaa mezani mpaka msimu ufungwe, wengine wajifunze, halafu anapewa aondoke nacho.

"Na kisipopata mwenyewe?"

"Cha chuma kinapelekwa kwa fundi wa karakana. Hilo panga fundi ameshalitazama. Anasema Jumamosi analikata vipande vitatu, vitoke visu vya kukatia kamba za marobota."

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nyanjige alilala kwa Apolonia, kwenye mkeka, kwa hisani. Asubuhi akaenda kusimama mbali na meza akifikiri la kufanya. Kuiba? Kuna mlinzi mwenye bunduki. Kueleza ukweli? Kwa nani? Karani akishajua ni upanga wa mtemi, atampigia simu mkubwa wake, mkubwa ataita boma, na watu wa boma mara hii hawataogopa kuchafua suruali. Na hapo bado hajawafikiria watoto wa mtemi.

Wala hakupata muda wa kuwafikiria, kwa sababu mmoja wao alikuwa anashuka kwenye lori.

Huyo ni Mashimba, mtoto wa mtemi kwa nyumba kubwa, mtu wa tumbo na kalamu mfukoni. Alikuwa wakala wa wanunuzi upande wa Mwandoya, na mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi aligombea udiwani. Alikuja kugomba kuhusu foleni. Akafika mbele ya meza, akanyamaza katikati ya neno. Akainama. Akaangalia zile kucha tatu za kuku.

"Karani," akasema taratibu, "kitu hiki mmekitoa wapi?"

Karani aliitwa Joakim, kijana wa Mwanza, mpole, ila mtu wa karatasi. "Kwenye gunia la kwenu, mheshimiwa. Unakijua?"

"Kina... kinafanana na kitu cha nyumbani."

"Nyumbani kwako?" Joakim akashika kalamu. "Nikuandike?"

Watu wa foleni walisikia. Mmoja akapaza sauti: "Kumbe mwenyewe ni mgombea! Alikuwa anatutafutia uzito wa kura!" Kikacheka kituo kizima. Mashimba akarudi nyuma hatua mbili kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Nimesema kinafanana. Panga zote zinafanana. Hebu niuzie basi, kama chuma."

"Hatuuzi kabla ya Jumamosi, mheshimiwa. Kesho likienda karakana, ongea na fundi."

"Kesho nitakuwepo hapa," Mashimba akasema.

Sasa Nyanjige alielewa jambo lilivyokaa. Akingoja, fundi au Mashimba. Na Mashimba hawezi kuuchukua kwa njia ya wazi, kwa sababu atakayesema ni wangu anasema mimi ndiye mwizi wa mizani. Mtoto wa mtemi hakuweza kulisema neno hilo mbele ya watu. Basi alisimama pale akijiuliza kama yeye anaweza. Hakuwaza faini wala polisi. Aliwaza foleni ya chama cha msingi, kanga yake, na karani asiyeingiza mkono.

Akaenda mbele.

"Kile chuma ni changu," akasema.

Joakim akainua macho. "Mama, unajua unachosema?"

"Najua. Gunia lilikuwa la pamba ya njano, lina kiraka cha kanga ya bluu chini. Kaangalie."

Wakaangalia, kiraka kikawepo. Mashimba, ambaye alikuwa hajaondoka, akamtambua. "Mayu? Mke wa Jilala?" Akamwangalia, akauangalia upanga, akamwangalia tena, na Nyanjige akaona jinsi jambo linavyomwingia kichwani taratibu. "Wewe utie chuma kwenye pamba?"

"Njaa, mwanangu."

"Njaa gani! Pamba yako..."

"Mheshimiwa," Joakim akamkatiza, "ni chake au ni chako?"

Mashimba akarudi kwenye lori.

Nyanjige akaweka dole. Akasimamishwa juu ya bamba la mizani, mbele ya madereva, wapagazi na wakulima wa wilaya tatu. Mshale wa mizani ukaenda ukarudi chini ya uzito wake. "Mimi ni Nyanjige, mjane wa Jilala, wa Mwandoya. Kile chuma ni changu. Kilikuwa ndani ya pamba yangu."

"Sema ulikitia ili uzito uongezeke," Joakim akamnong'oneza.

"Andika wewe unavyotaka, mwanangu. Mimi nimesema ni changu."

Palikuwa na mtu wa Mwandoya kwenye foleni. Akamwambia mwenzake, wala hakujali kama anasikika: "Si ndiye yule wa pamba safi? Kumbe! Ndiyo maana mizani ilikuwa inampenda."

Hilo lilimwingia. Alishuka kwenye bamba akaenda nyuma ya kibanda cha Apolonia, akakaa huko mpaka jua likageuka. Apolonia hakumcheka tena. Alimletea kiazi na chumvi kwenye karatasi, akasema, "Uso wako si wa mwizi, lakini basi, kula."

*

Hakurudi nyumbani. Kitu kinakaa mezani mpaka msimu ufungwe, na yeye aliahidi kukaa nacho. Akamwomba Joakim kazi. Joakim akashangaa, mwizi kuomba kazi mahali alipoibia, lakini wachambuzi walikuwa wanahitajika, wanawake wa kukaa chini na kuchambua uchafu pamba isije ikaharibu mashine. Akamjaribu siku moja. Jioni akaja na kiganja cha pamba yake akakigeuza geuza. "Mama," akasema, "mtu anayechambua hivi anatiaje chuma?" Nyanjige akasema mgongo unamuuma.

Miezi miwili na nusu alichambua pamba ya watu. Mchana, wenzake wakienda kula, yeye alichukua kopo la samli akaenda mezani. Ili mtu asishangae kwa nini anapaka kitu kimoja, alipaka vyote: plau, pedeli, kichwa cha cherehani, hata mawe.

"Mawe nayo yana kutu?" Joakim akauliza.

"Yasipasuke na jua."

Kwa sababu ya vumbi la pamba linaloruka pale, samli ilinasa manyoya, na baada ya wiki kadhaa upanga wa mtemi ukaota mvi mwili mzima. Ilimbidi aupanguse na kuupaka upya. Wafanyakazi walimwita mama wa meza. Wakulima wapya walipofika walionyeshwa upanga, kisha wakaonyeshwa yeye.

Habari zilifika Mwandoya kabla ya wiki kwisha. Shija alikuja, akasimama getini na shati lake lile, sasa halina mikunjo.

"Mayu, gunia lile nililipakia mimi. Wewe hukuwepo. Nikamwambie karani."

"Umwambie nini?"

"Kwamba... kwamba ni mimi niliyeuza. Watu wanasema maneno, mayu. Nimeshapigana na mtu mmoja."

"Usipigane. Rudi ukalime. Na pamba ya mwaka kesho mchume kwa vidole vitatu."

Shija akauangalia ule upanga mezani muda mrefu. Hakuuliza kitu. Kwa hilo alifanana na baba yake.

Mashimba naye alirudi, mara moja, mwezi wa tisa. Alivuta kibao akakaa karibu na lundo lake la pamba, akaongea chini chini, Kisukuma kitupu. "Mayu, tuongee kama watu wa nyumba moja. Najua ni nini kile."

"Kama unajua, nenda kwa karani umweleze."

"Unajua siwezi. Mpaka kura zipite."

"Na mimi ni mpaka msimu ufungwe."

Mashimba akahesabu kwa vidole. Kura zilikuwa mwisho wa Oktoba. Kinu kingefungwa wiki tatu kabla. Akainuka, akajipangusa pamba kwenye suruali, akasema, "Wewe mwanamke ni mgumu," na Nyanjige akamwambia apite salama.

Siku ya kufunga, Joakim akamkabidhi upanga pamoja na kile kipande cha boksi. Akampa pia karatasi ya kumruhusu kupita getini, kwa sababu mlinzi asingeruhusu mtu kutoka na silaha. Nyanjige akamviringisha mgeni ndani ya kanga mbili, akamuaga Apolonia. Basi la Mwandoya lilikuwa limesimama. Akalipita, akapanda lori la kwenda Maswa, na kutoka pale akatafuta la Malampaka.

*

Alikuwa anajua siku zote kwamba mtoto wa Salu anafanya kazi stesheni ya Malampaka. Watu walisema. Lakini Jilala alisema mwenyewe atakuja, na Nyanjige alingoja.

Dastan, mtoto huyo wa Salu, alikuwa mtu wa miaka arobaini, mwembamba, koti la reli limemzidi mabega. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia za treni. Alimkaribisha kwenye chumba chake cha kota, chumba kimoja, kitanda kimoja, na akampa kiti. Walisalimiana kwa kirefu, wakatajana watu waliokufa. Kisha Nyanjige akafungua kanga.

Alimweleza yote, tangu kihenge mpaka bamba la mizani. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuyasema na mtu, na yalitoka bila mpangilio, mengine mara mbili. Dastan hakumkatiza. Alipomaliza, Dastan alikuwa anaushika mpini kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu cha mgonjwa.

"Mama aliwahi kusema kuna kitu," akasema. "Nikadhani ni ng'ombe. Mayu, mimi nitautumia kwa nini? Utemi haupo. Kaa nao wewe, umeuzoea."

"Siwezi tena."

"Kwa sababu ya Mashimba?"

"Mashimba ningemweza. Nilipewa nitunze kitu cha watu, na mbele ya watu nikasema ni changu. Neno hilo likishatoka, kitu hakiwezi kurudi kulala kwangu. Nikifa leo Shija ataona karatasi ya kinu imeandikwa mali ya mama. Atasema ni yangu, atakuwa na haki. Mwanawe atasema hivyo hivyo. Hapo ndipo utakapokuwa umepotea kweli."

Treni ya mizigo ilipita, vikombe vikalia kwenye rafu, na wote wawili wakangoja iishe.

"Basi nitaupokea," akasema. "Lakini nitakwenda Mwandoya Jumapili. Nitasimama kanisani, nitasimama sokoni, niwaambie wewe si mwizi."

"Uwaambie nilikuwa nimeficha nini?"

Dastan akaurudisha upanga juu ya kanga.

"Umeona? Wewe sasa ndiye mmoja anayejua. Watakuuliza uko wapi."

"Na jina lako, mayu?"

Nyanjige aliangalia mikono yake. Ilikuwa imejaa mikwaruzo midogo ya maganda ya pamba. "Linanisumbua," akasema. "Sitakudanganya. Asubuhi ndiyo linanisumbua zaidi." Kisha akaanza kumfundisha: alale mahali laini, apakwe samli mvua za kwanza zinapoanza, asitajwe, na usimwambie hata mke ukioa.

"Na nikishindwa? Akipotea mkononi mwangu?"

"Utatafuta kazi kwenye kinu cha pamba," Nyanjige akamwambia. "Mimi nitakuandikia barua ya kukusifu, kama utanifundisha kuandika."

Dastan akacheka kwa mara ya kwanza. Akatoa blanketi lake la reli, la sufu nene, akalikunja mara tatu juu ya kitanda, akaulaza upanga juu yake. Chumba kizima kilikuwa na blanketi hilo moja tu, na Nyanjige aliliona hilo. Kile kipande cha boksi alikichukua yeye, akakipasua, akakitia kwenye jiko la chai.

Alifika Mwandoya siku ya tatu yake. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha usiku, mbuga imelowa, na Shija na mkewe walikuwa shambani wanapanda pamba, mistari imepinda kama njia ya ng'ombe. Jirani mmoja aliyekuwa anapita akamwita kutoka mbali, "Mayu wa chuma, umerudi?" Nyanjige akaitikia kwamba amerudi, akaweka mzigo wake chini ya mti, akatafuta kamba ya kunyooshea mistari.